Nyakati Kumi na Mbili za Kiingereza, na Mbili Zilizopo

Mtu aliyepitia shule za Tanzania au Kenya analikumbuka lile jedwali. Safu tatu za wakati uliopo, uliopita na ujao. Mistari minne ya kawaida, endelevu, timilifu na timilifu endelevu. Na ndani ya kila kisanduku kitenzi kilekile, mara nyingi "write" au "eat", kikiwa kimegeuzwageuzwa. Tatu mara nne, kumi na mbili. Vitabu vingine huongeza safu ya nne na kufika 16. Mwanafunzi hukariri, akapata alama zake, halafu siku anayoandika barua ya kuomba kazi anasita kati ya "I worked" na "I have worked", na jedwali halina la kumwambia.

Halina kwa sababu linaonyesha maumbo tu. Haligusi lile ambalo mwenye lugha huliamua, bila kujua kwamba analiamua, kila anapofungua kinywa. Na hata ukilichukua kama orodha ya maumbo, lilikatwa kwa kipimo cha lugha nyingine.

Sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1586, kazi ya William Bullokar, naye aliifuata kwa karibu sarufi ya Kilatini iliyokuwa ikifundishwa katika shule za Uingereza. Kilatini kina nyakati sita, na wakati wake ujao hubebwa na neno moja lenye kiishio chake: "amabo", yaani nitapenda. Wanasarufi waliofuata wakautafutia kila wakati wa Kilatini mwenzake wa Kiingereza. Palipokosekana neno moja waliunga mawili au matatu, wakayaita kwa pamoja wakati. Lindley Murray, mwanasheria wa Kimarekani aliyehamia York, alichapisha sarufi yake mwaka 1795. Ikapigwa chapa tena na tena pande zote mbili za Atlantiki, na nyakati zake zilikuwa sita, sawasawa na za Kilatini.

Ajabu ni kwamba jibu bora lilikuwa limeshatolewa zaidi ya miaka mia moja kabla. John Wallis, mwanahisabati wa Oxford ambaye ndiye aliyeipa hisabati alama ya ∞, alitoa sarufi ya Kiingereza mwaka 1653. Aliiandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa siku zake, lakini alikataa kukilazimisha Kiingereza kifuate Kilatini. Kitenzi cha Kiingereza, alisema, kina nyakati mbili.

Kipimo ni rahisi. Chukua "write" utafute maumbo yake yanayobeba wakati bila kusaidiwa na neno jingine. Utapata "write" na nduguye "writes", kisha "wrote". Hapo umemaliza. Otto Jespersen wa Denmark aliusema ukweli huo tena mwanzoni mwa karne ya 20, na sarufi kubwa mbili za zama zetu, ile ya Randolph Quirk na wenzake ya mwaka 1985 na ile ya Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum ya mwaka 2002, zinatofautiana katika mengi, lakini zote zinakataa kuihesabu "will" kuwa umbo la wakati ujao. Vitabu vya shule ndivyo vilivyobaki na Murray.

Basi maumbo yale mengine yote ni nini? Ni ujenzi. Kundi la kitenzi cha Kiingereza hupangwa kwa utaratibu usiobadilika. Wa kwanza katika mstari, awe nani, ndiye anayebeba alama ya wakati. Ukitaka, unatanguliza kitenzi cha kukisia, kuahidi au kulazimisha: "will", "can", "may", "must". Ukitaka, unaweka "have". Ukitaka, unaweka "be" ya kuendelea. Na ukitaka tena, "be" ya kutendwa. Mwisho anakuja mwenye shughuli, kitenzi chenyewe. Kila kisaidizi humwamuru jirani yake wa kulia avae umbo gani: "may" na wenzake hudai shina tupu, "have" hudai umbo la tatu kama "written", "be" ya kuendelea hudai "-ing", na "be" ya kutendwa hudai tena umbo la tatu. Sentensi ndefu kama "She might have been being followed", huenda alikuwa akifuatwa, inaonekana kama msitu, lakini ukiifuata kutoka kushoto kila neno linaeleza umbo la linalofuata. Noam Chomsky, katika kitabu chake chembamba cha mwaka 1957, Syntactic Structures, aliuandika utaratibu huu wote kwa kanuni ya mstari mmoja. Sijui fani nyingi ambamo mstari mmoja umefuta kurasa nyingi kiasi hicho.

Ukiushika utaratibu huu, makosa yanayoonekana kuwa ya aina nyingi yanakuwa moja. "He didn't went", "she can sings", "does he likes": yote yanabeba wakati au nafsi mara mbili. Kiswahili hurudia nafsi na alama ya wakati kwenye kila kitenzi, tukasema "walikuwa wamekuja", "alikuwa anasoma". Kiingereza hulipa kiingilio mara moja tu, mlangoni. Kama hakuna kisaidizi cha kulipa, na mtu anataka kuuliza au kukanusha, huitwa "do", kitenzi kisichokuwa na maana yoyote pale, kije kubeba wakati ili mwenye shughuli abaki shina tupu. Desturi hiyo ilishika kasi katika karne ya 16. Kabla yake Mwingereza aliuliza kwa kugeuza tu mpangilio, kitenzi kikimtangulia mtenda.

Hapa ile hesabu ya 16 inapata maana ambayo huenda watunga vitabu hawakuikusudia. Weka kando kauli ya kutendwa. Zinabaki hatua nne, na kila moja ina majibu mawili: umbo la karibu au la mbali, "will" au bila "will", "have" au bila "have", "-ing" au bila "-ing". Mbili zidisha mbili zidisha mbili zidisha mbili. Zile nyakati 16 ni maamuzi manne yakipangwa kwa kila namna, na zile kumi na mbili ni hizohizo zikiwa zimeondolewa "would", ambayo ni umbo la mbali la "will", ikapelekwa kwenye sura nyingine ya kitabu iitwayo masharti. Mwanafunzi anayekariri visanduku 16 anabeba mzigo wa kazi nne. Swali la maana ni kila uamuzi unahusu nini.

Tuanze na wa kwanza, ambao nimeuita wa karibu na mbali badala ya uliopo na uliopita. "Wrote", "knew", "was" hufundishwa kuwa wakati uliopita, na mara nyingi ndivyo. Lakini katika "If I knew the answer, I would tell you" hakuna chochote kilichopita. Msemaji anazungumzia sasa hivi, na anachosema ni kwamba hajui. Katika "It is time we left" kuondoka hakujatokea. Katika "I was wondering if you could help me" mtu anajiuliza hivi sasa, mbele ya unayemwomba. Umbo moja linafanya kazi tatu: linasogeza jambo mbali na leo, mbali na ukweli, au mbali na uso wa anayeombwa ili asijione amebanwa. Ukilieleza kwa neno "umbali" yote matatu yanaeleweka. Ukilieleza kwa "wakati uliopita" mawili yanakuwa maajabu ya kukariri.

Kiswahili kimegawa kazi hizi. Umbali wa wakati ni wa "-li-", umbali wa ukweli ni wa "-nge-" na "-ngali-": ningejua, ningekuambia. Ndiyo maana mwanafunzi wetu huandika "If I would know", akitafuta mahali pa kuweka "-nge-" yake kwenye vitenzi vyote viwili. Lakini umbali wa adabu tunao uleule. Anayeingia ofisini kwa mtu na kusema "Nilikuwa naomba kukuuliza jambo" haombi jana.

Wakati huohuo, Kiingereza hakijali umbali huo ni wa kiasi gani. Kihaya hutenga lililotokea leo, lililotokea jana na lililotokea kabla ya hapo, na ndugu zake wengi wa Kibantu wana ngazi za namna hiyo. Kiswahili kimeziacha, kikawa hapo karibu na Kiingereza kuliko Kihaya. "Ate" ni ya leo asubuhi na ni ya enzi za Mafarao.

Jambo la nne linalotokana na umbali ni maneno ya kunukuliwa. Sisi tunasema "alisema anaumwa", tukiacha ugonjwa katika wakati wa aliyesema. Kiingereza husema "she said she was ill", kikisogeza yote mbali pamoja na "said". Mitihani hulichukulia hili kama sheria ya chuma, na hapo inazidisha: kama bado anaumwa, "she said she is ill" ni Kiingereza safi, na wenye lugha huisema kila siku. Kusogeza au kutosogeza hutegemea kama msemaji anaibeba habari ile kuwa yake au anaiacha kwa mwenyewe.

Uamuzi wa pili ni "will". Katika Kiingereza cha kale hapakuwa na umbo la wakati ujao. Watu walitumia la sasa na muktadha ukaeleza. "Will" kilikuwa kitenzi cha kutaka, na "shall" cha kudaiwa. Polepole kutaka kukawa kutabiri. Safari hii sisi tunaijua, maana "-ta-" yetu nayo imetoka kwenye "-taka", na mabaki yake yanaonekana wazi katika "atakayekuja" na "atakapofika". Tofauti ni kwamba "-ta-" imeshaingia kabisa katika nafasi ya "-li-" na "-na-": ukiweka moja, nyingine haina pa kukaa. "Will" haikuingia huko. Inashindania nafasi na "may" na "must", si na alama ya wakati, na ndiyo maana inalo hata umbo lake la mbali, "would". Inaeleza hukumu ya msemaji. Simu ikilia, mtu husema "That will be my sister", atakuwa dada yangu, na dada hayuko kesho, yuko kwenye simu sasa hivi.

Kwa kuwa "will" ni hukumu, yajayo yanasemwa kwa njia nyingi na kila moja ina msingi wake. "The train leaves at six": ratiba imeshaandikwa. "I'm leaving on Friday": nimeshapanga, pengine na tiketi ninayo. "It's going to rain": tazama mawingu. "It will rain": hivyo ndivyo nionavyo. Jedwali la nyakati kumi na mbili linatoa safu nzima kwa njia moja kati ya hizi, na kuziacha nyingine zikielea kama vighairi.

Kuna mahali ambapo Kiswahili kinatuponza moja kwa moja. Tunasema "atakapofika, nitamwambia", na wakati ujao uko pande zote mbili. Kiingereza hudai "when he arrives, I will tell him", kwa sababu kufika kwake hapo si utabiri, ni sharti tu ambalo hukumu imejengwa juu yake. "When he will arrive" ni kosa linalosikika hata kwa watu waliosoma sana. Sheria ya zamani ya "shall" kwa nafsi ya kwanza na "will" kwa nyinginezo, ambayo Wallis ndiye aliyeiandika, nitaipita. Waingereza wenyewe wameiacha, na anayeifundisha leo anafundisha historia.

Uamuzi wa tatu, "have", ndio mgumu kuliko yote, na ndiyo sababu yule mwombaji kazi alisita. Msaada bora ninaoujua ulitoka kwa mwanafalsafa, si kwa mwalimu wa lugha. Hans Reichenbach, Mjerumani aliyewakimbia Wanazi akafundisha Istanbul, kisha Los Angeles, alitia katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1947 kurasa chache juu ya nyakati za vitenzi. Alisema pointi mbili, ya kusema na ya tukio, hazitoshi. Inahitajika ya tatu, mahali ambapo msemaji amesimama akitazama. "I had eaten": nimesimama mahali fulani jana, na kula kuko nyuma ya hapo. "I ate": tukio liko jana, nami nimesimama jana hukohuko nikilitazama. "I have eaten": tukio limepita, lakini nimesimama hapa, leo. Kati ya "I ate" na "I have eaten" chakula ni kilekile na saa ni ileile. Kilichohama ni msemaji.

Mwanafunzi wa Kiingereza anayetoka kwenye Kiswahili ana bahati ambayo hakuna anayemwonyesha. Pointi tatu za Reichenbach ziko kinywani mwake tangu utotoni, na kila moja ina neno lake. Katika "nilikuwa nimekula", kitenzi cha kwanza kinasema msemaji amesimama wapi na cha pili kinasema tukio liko wapi kutoka hapo. "Nitakuwa nimekula": simama kesho, tazama nyuma. "Nilikuwa nikila": simama jana, ndani ya tukio. Kiingereza kimekunja haya yote katika "had eaten", "will have eaten", "was eating". Kiswahili kimeyaacha wazi. Mtoto wa Tanga hahitaji mchoro wa mstari wenye mishale ili aelewe "past perfect". Anahitaji kuambiwa kwamba anaisema kila siku.

Kutokana na hapo kanuni ya kutotaja siku pamoja na "have" inajieleza. Ukisema "yesterday" umehamia jana, kwa hiyo huwezi kubaki umesimama leo. "I have seen him yesterday" ni mtu aliyesimama mahali pawili. Abdulrazak Gurnah "won the Nobel Prize in 2021", kwa kuwa mwaka umetajwa. Lakini "Gurnah has written novels about Zanzibar", kwa kuwa tunamtazama mwandishi aliye hai na kazi ambayo bado ni yake leo. Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, tafsiri iliyotoka mwaka 1963, na leo ni lazima tuseme "Nyerere translated". "Nyerere has translated" ingemfanya aonekane bado yumo katika kazi. Hata hivyo "the play has been translated into Swahili" ni sawa kabisa, maana hapo tunatazama tamthilia, nayo ipo. Hakuna kisanduku cha jedwali kinachoweza kukuambia hilo.

Mtego mkubwa kwetu ni "-me-". Vitabu huitafsiri kwa "have", na nusu ya safari hilo linafaa: "amefika" ni "he has arrived". Nusu nyingine halifai hata kidogo. "Amelala" ni "he is asleep". "Amesimama" ni "he is standing". "Amevaa koti" ni "he is wearing a coat", "nimechoka" ni "I am tired", "nimeelewa" mara nyingi ni "I understand". Vitenzi hivi vya Kiswahili hutaja kuingia katika hali, na "-me-" husema kwamba umeshaingia na umo. Kiingereza hutaja hali yenyewe, kwa kivumishi au kwa "-ing". Anayesema "The baby has slept" akimaanisha asipigiwe kelele amesema mtoto alilala na pengine ameshaamka. Mbaya zaidi, "-me-" haikatai siku. "Nimemwona jana" inasikika mitaani bila mtu kugeuka, na "nimezaliwa 1990" vilevile, ingawa walimu wa Kiswahili wangependa "-li-". Kosa la "I have seen him yesterday" lina baba na mama.

Hapo pia pana jambo ambalo Waingereza na Wamarekani hawajakubaliana. Mmarekani huuliza "Did you eat yet?" bila wasiwasi, Mwingereza wa kizazi cha zamani angesema "Have you eaten yet?" Wamarekani wanazidi kuyapa matukio ya karibuni umbo la "ate", na filamu zao zinalisambaza. Mwalimu anayesahihisha kwa kalamu nyekundu afadhali ajue anatetea pwani ipi ya Atlantiki.

Kuhusu vitenzi vinavyobadilika ovyo, "sing, sang, sung" na wenzake, nitasema machache, maana ni suala la kumbukumbu na si la wakati. Mwaka 2007 watafiti wa Harvard walifuatilia vitenzi 177 visivyofuata kanuni vya Kiingereza cha kale: 145 vilibaki hivyo katika Kiingereza cha kati, na 98 mpaka leo. Vilivyozama ni vile visivyotumika sana, na kwa kadiri inayopimika: kitenzi kinachotumika mara mia moja pungufu hunyooka kwa kasi mara kumi zaidi. Vigumu kuliko vyote, "be", "have", "go", "say", vimesalia kwa sababu kila mtu huvitamka kutwa nzima. Kwa hiyo orodha ya kukariri ipangwe kwa matumizi, si kwa alfabeti.

Uamuzi wa nne ni "-ing". Unauliza kama msemaji analitazama tukio kutoka ndani, mwanzo na mwisho wake vikiwa havionekani, au kwa ukamilifu wake. "She crossed the road": amefika ng'ambo. "She was crossing the road": huenda gari lilimgonga katikati. Kiswahili kinayajua hayo katika yaliyopita, alivuka na alikuwa anavuka, lakini katika ya sasa "-na-" moja hubeba yote. "Ninasoma gazeti" ni sasa hivi au ni kila asubuhi. Ukitaka kusisitiza mazoea unayo "hu-", husoma, nayo si lazima. Kiingereza ni lazima kichague. "I read the paper" ni tabia. "I am reading the paper" ni niache kidogo. "I live in Arusha" ni mwenyeji. "I am living in Arusha" ni mtu ambaye mizigo yake bado haijafunguliwa yote.

Kwa nini basi "I am knowing" inakataliwa? Zeno Vendler, katika makala ya mwaka 1957, alivigawa vitenzi kwa namna vinavyokaa ndani ya muda: kuna hali, kama kujua, kuna shughuli isiyo na kikomo, kama kukimbia, kuna kazi yenye mwisho wake, kama kujenga nyumba, na kuna tukio la nukta, kama kufika kileleni. Hali haina hatua ndani yake. Kujua saa nne na kujua saa tano ni kujua kulekule, kwa hiyo hakuna "ndani" pa kuingia na kutazama. Kiswahili hakijali, "ninajua" inakubali "-na-" kama "ninakimbia", na kutoka hapo zinakuja "I am knowing him" na "I am having two children", sentensi ambazo wanaisimu wameziorodhesha kama alama za Kiingereza cha Afrika Mashariki.

Mimi sizitetei kwenye barua ya kazi. Lakini sioni kwa nini zichekwe. "-ing" imekuwa ikipanuka kwa karne nyingi, na kila hatua ilipata wa kuilaani. Mpaka karne ya 18 Waingereza walisema "the house is building" wakimaanisha nyumba inajengwa. "The house is being built" ilipoanza kuenea, iliwachukiza wasomi. Richard Grant White, mhakiki wa New York, bado alikuwa anaishambulia mwaka 1870. Leo hakuna anayeijua ile ya zamani.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi haya yanavyofundishwa. Mtoto wa shule ya serikali Tanzania husoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, na mara nyingi anakuta bango ukutani linalomwamuru azungumze lugha hiyo tu. Kwa nia njema, ananyang'anywa kifaa pekee ambacho kingemfafanulia vitenzi vyake vipya. Mazoezi anayopewa ni ya kujaza nafasi: kitenzi kimewekwa kando, sentensi moja, jibu moja sahihi. Lakini sentensi moja iliyokatwa mara nyingi hubeba majibu mawili au matatu, kwa sababu haimwambii mwanafunzi msemaji amesimama wapi.

Zoezi ninalolipendelea lingeanzia upande wa pili. Mpe mwanafunzi sentensi za Kiswahili zenye "-me-", kumi au kumi na tano, zilizochukuliwa gazetini na mtaani, asitafsiri kwanza. Atenge zile zinazotaja hali ambayo mtu yumo, zile zinazotaja tukio ambalo tokeo lake lipo, na zile ambazo "-me-" imeshika nafasi ya "-li-". Halafu ndipo aandike Kiingereza. "Amekaa kwenye kiti" itamtoka kama "is sitting", "amekaa Mombasa miaka mitatu" kama "has lived" kama bado yuko huko, na "amekuja juzi" kama "came".